Taa ya Tahadhari kwa Betri ya Sola: Saketi Ndogo ya Volti 12 na Namna ya Kuiunda

Katika vitongoji ambavyo nguzo za umeme hazijafika, betri ya volti 12 ndiyo inayoubeba usiku. Mchana paneli ya sola huijaza. Jua likizama, betri hiyo huwasha taa za nyumbani, redio ya dukani, mashine ya kinyozi na, katika baadhi ya zahanati, taa ya chumba cha kujifungulia. Betri haina sauti ya kusema kwamba inaelekea kuisha. Taa nyingi za LED za siku hizi huendelea kutoa mwanga uleule hadi dakika ambayo kidhibiti chaji kinakata umeme, na chumba kizima huingia gizani kwa mara moja. Mkunga aliyekuwa akimhudumia mama hubaki akitafuta simu yake kwa mkono mmoja ili apate tochi.

Somo hili linaeleza namna ya kuunda taa ndogo nyekundu inayowaka yenyewe pale betri inapoanza kuchoka, mapema kabla ya giza. Vifaa vyake havizidi vinane, vyote hupatikana katika maduka ya vipuri vya redio, na baadhi yake vinaweza kutolewa kwenye redio mbovu. Kijana aliyemaliza elimu ya sekondari na anayeweza kushika kifaa cha kuunganishia kwa risasi ataimaliza kwa alasiri moja. Sehemu ngumu ya kazi hii haiko mikononi. Iko katika kuamua taa iwake betri ikiwa na volti ngapi.

Volti za betri na maana yake

Betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo iliyozoeleka majumbani na katika magari, ina seli 6 zilizofungwa pamoja, na kila seli hutoa volti 2 na kidogo. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, multimita huonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikibaki nusu, huonyesha takribani 12.2. Ikishuka chini ya 11.9 ikiwa imepumzika, kwa matumizi ya kawaida imekwisha. Kwa hiyo safari yote kutoka kujaa hadi kuisha iko ndani ya volti moja tu. Jicho la mtu anayeitazama taa haliwezi kuiona tofauti hiyo, na ndiyo sababu watu wengi huijua hali ya betri yao siku inapozimika.

Kuzimika si hasara pekee. Betri ya aina hii ikiachwa tupu siku nyingi, salfeti ya risasi iliyojijenga juu ya bamba zake hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena kwa urahisi betri inapochajiwa. Kila mara jambo hilo likitokea, uwezo wa betri hupungua. Betri ambayo ingehudumu miaka kadhaa huanza kulalamikiwa mapema kwamba ni bandia, na pengine si bandia hata kidogo. Imekamuliwa hadi mwisho usiku baada ya usiku.

Sasa taa iwake kwa volti ngapi? Vidhibiti chaji vingi hukata umeme betri inapofika karibu na volti 11. Taa ya tahadhari ikiwekwa iwake kwa volti 11.2, itakuwa imechelewa: mhudumu atabakiwa na muda mfupi sana wa kufanya lolote. Ikiwekwa iwake kwa volti 12.5, itawaka kila siku jioni, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeitazama. Onyo linalotolewa kila siku hugeuka kuwa pambo la ukutani. Ikumbukwe pia kwamba betri inayotumika huonyesha volti pungufu kidogo kuliko betri iliyopumzika, hata kama ujazo ni uleule.

Kwa nyumba yenye taa chache na redio, mpaka wa volti 11.7 unafaa. Kwa zahanati, ambako mtu anahitaji saa na si dakika, mpaka wa volti 12.2 ni bora, kwa kuwa hapo betri ingali na akiba ya kutosha kuhimili huduma hadi alfajiri iwapo vitu visivyo vya lazima vitazimwa. Saketi inayoelezwa hapa imeundwa kwa mpaka wa 11.7, na kuihamishia 12.2 ni suala la kuongeza kifaa kimoja.

Wapo watakaouliza kwa nini isinunuliwe mita ndogo ya tarakimu, kwani nazo zinauzwa. Mita hiyo ni nzuri kwa fundi. Lakini namba 11.8 ikionekana ukutani saa nane usiku haina maana kwa mtu ambaye hakufundishwa kuisoma, ilhali taa nyekundu haihitaji tafsiri.

Saketi yenyewe

Kiini cha saketi ni daiodi ya zena ya volti 11. Daiodi ya kawaida hupitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Daiodi ya zena hufungwa kinyume kwa makusudi, nayo huuzuia umeme hadi volti zifike kiwango kilichoandikwa juu yake, kisha huuachia upite. Mfano wake ni kizingiti cha mlango wakati wa mvua: maji yaliyojaa uani hayaingii ndani hadi yafike juu ya kizingiti. Hapa kizingiti ni volti 11.

Kifaa cha pili ni transista, na aina ya BC547 inatosha. Ina miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Umeme mdogo ukiingia kwenye besi, transista hufungua njia kubwa kati ya kolekta na emita. Umeme wa besi ukikatika, njia hiyo hufunga. Ili besi ianze kuitika, inahitaji takribani volti 0.65. Volti hizo zikijumlishwa na 11 za zena, pamoja na kiasi kidogo kinachopotea njiani katika rezista, jumla inakuwa karibu 11.7. Mpaka wa taa umepatikana kwa hesabu hiyo fupi.

Vifaa vingine ni kitaa kimoja cha LED chekundu, rezista tatu za robo wati (kiloomu 2.2, kiloomu 1 na kiloomu 10), fyuzi ya nusu ampea pamoja na kishikizi chake, na kitufe kidogo cha kubonyeza kama cha kengele ya mlangoni. Rezista hutambuliwa kwa mistari ya rangi: ya kiloomu 2.2 ina nyekundu tatu. Ya kiloomu 1 ina kahawia, nyeusi na nyekundu. Ya kiloomu 10 ina kahawia, nyeusi na rangi ya machungwa. Mstari wa nne, ambao mara nyingi ni wa dhahabu, huonyesha usahihi wa kipimo.

Umeme kutoka chanya ya betri hupita kwanza kwenye fyuzi, kisha hugawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ni ya taa: kutoka kwenye fyuzi hadi rezista ya kiloomu 2.2, kutoka hapo hadi mguu mrefu wa LED, na mguu mfupi wa LED huenda hasi ya betri. Mahali rezista inapokutana na mguu mrefu wa LED, hapo hapo huunganishwa kolekta ya transista. Emita huenda hasi.

Njia ya pili ni ya kipimo. Kutoka kwenye fyuzi, umeme hufika kwenye upande wa zena wenye mstari. Upande wake wa pili huunganishwa na rezista ya kiloomu 1, na rezista hiyo huishia kwenye besi. Kati ya besi na hasi hufungwa rezista ya kiloomu 10. Kitufe nacho hufungwa papo hapo, mguu mmoja kwenye besi na mwingine kwenye hasi.

Betri ikiwa na nguvu, umeme hukivuka kizingiti cha zena na kufika kwenye besi. Transista hufunguka, na umeme uliokuwa uende kwenye LED huteremka kupitia transista hadi hasi. LED nyekundu huhitaji karibu volti 2 ili iwake, na hapo inabakiwa na chini ya robo volti; hivyo inakaa kimya. Betri ikishuka chini ya 11.7, besi hukosa umeme, transista hufunga, na umeme hukosa njia nyingine isipokuwa kupita kwenye LED. Taa inawaka. Haiwaki kwa ghafla kama ya swichi. Huanza kwa wekundu hafifu na kukolea kadiri volti zinavyoendelea kushuka, jambo ambalo halina ubaya wowote.

Rezista ya kiloomu 10 huonekana kama haina kazi, na mafundi wachanga hupenda kuiacha. Isiachwe. Zena huvujisha umeme mdogo sana hata kabla ya kizingiti chake, na rezista hiyo ndiyo inayoupeleka mvujo huo kwenye hasi ili usiifungue transista nusunusu.

Kuhusu kiasi cha umeme kinachotumika, kanuni ya Ohm inatosha. Betri ikiwa na volti 11.6 na LED ikichukua 2, zinabaki 9.6 juu ya rezista ya omu 2,200. Jibu ni takribani miliampea 4.4, mwanga unaoonekana vizuri chumbani. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba saketi hii hula zaidi taa ikiwa imezimika kuliko ikiwa imewaka, maana umeme hupita kwenye transista muda wote. Kwa betri yenye volti 12.6, njia zote mbili kwa pamoja hutumia karibu miliampea 7, yaani takribani ampea-saa 0.17 kwa siku. Kwa betri ya ampea-saa 100 inayochajiwa kila siku, kiasi hicho si cha kuhesabu. Ila jengo likifungwa na paneli kuondolewa, mwezi mmoja hula ampea-saa 5, hivyo ni vema fyuzi ichomolewe. Zipo saketi za transista mbili zinazotumia umeme kidogo zaidi, lakini zina vifaa vingi zaidi vya kukosewa.

Makosa ya miguu ndiyo yanayorudisha kazi nyuma kuliko mengine yote. BC547 ikishikwa upande wake bapa ukimtazama mtu na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Transista nyingine zinazofanana nayo kwa umbo zina mpangilio tofauti, na baadhi zimegeuzwa kabisa. Anayetumia transista iliyotolewa kwenye redio mbovu hana budi kuisoma namba yake kwanza.

Kuijaribu kabla ya kuifunga

Jaribio halihitaji mashine ya maabara. Betri kavu 8 mpya za tochi, za volti 1.5 kila moja, zikipangwa kwa mstari mmoja chanya kwa hasi, hutoa volti 12 na nusu hivi, kwa sababu betri mpya huwa na ziada kidogo juu ya kiwango kilichoandikwa. Saketi ikiunganishwa nazo, taa isiwake. Betri moja ikitolewa, zikabaki 7, volti hushuka hadi karibu 11, na taa iwake. Ikifanya hivyo, saketi ni nzima.

Hatua inayofuata ni kujua mpaka wake halisi. Zena za kawaida hutengenezwa kwa usahihi wa asilimia 5, maana yake ile iliyoandikwa 11 inaweza kuwa ya 10.5 au 11.5. Tofauti hiyo ni ndogo kwa redio lakini ni kubwa kwa betri ambayo uhai wake wote uko ndani ya volti moja. Kwa hiyo betri kavu mpya huchanganywa na zilizotumika kidogo, multimita huwekwa kwenye ncha mbili, na volti ambazo taa inaanza kuonekana huandikwa. Mafundi wenye busara hununua zena tatu na kuchagua moja. Mpaka ukiwa chini mno, au kama saketi ni ya zahanati, daiodi ya kawaida ya 1N4148 huongezwa kati ya zena na rezista ya kiloomu 1, mstari wake ukielekea upande wa besi. Hiyo hupandisha mpaka kwa takribani nusu volti.

Kuifunga mahali pake

Volti 12 hazimdhuru mtu anayezigusa kwa mikono mikavu, na hilo huwafanya wengi waidharau betri. Lakini spana ikiangukia ncha zake mbili, betri ya ukubwa wa kawaida inaweza kutoa mamia ya ampea kwa pamoja, kiasi cha kuyeyusha waya na kuunguza vidole vyenye pete. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa pia gesi ya haidrojeni, ambayo cheche ndogo huiwasha. Kwa sababu hizo, kazi ya kuunganisha kwa risasi ifanywe mbali na betri, chumba cha betri kiwe na hewa, fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha ya chanya, na iwe ya mwisho kuchomekwa baada ya kila kitu kukaguliwa.

Nyaya za saketi zichukue umeme moja kwa moja kwenye ncha za betri, na si kwenye holda ya taa iliyo karibu. Sababu yake inafaa kuelezwa kwa hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukienda mita 10 na kurudi mita 10, una ukinzani wa karibu omu 0.23. Ukibeba ampea 5, hupoteza volti 1.15 njiani. Saketi iliyofungwa mwisho wa waya huo itaiona betri ya 12.6 kuwa ya 11.45, nayo itapiga onyo la uongo kila feni inapowashwa. Lakini saketi ikiwa na nyaya zake yenyewe, umbali si tatizo, kwa kuwa miliampea 7 hazipotezi kitu cha maana. Hivyo betri ibaki stoo, na taa iwekwe mbele ya macho ya mhudumu wa zamu. Taa ya tahadhari iliyofichwa ndani ya kabati la betri haimsaidii mtu.

Saketi hii isiunganishwe kamwe na umeme wa TANESCO wa volti 230, wala na mfumo wa volti 24. Haifai pia kwa betri za lithiamu, ambazo hubaki karibu na volti 13 hadi zinapokaribia kuisha kabisa. Kazi yoyote inayogusa nyaya za jengo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Katika zahanati na shule, kifaa kisifungwe bila idhini ya mganga mfawidhi au mwalimu mkuu, na mfumo wa jokofu la chanjo, ambalo lazima libaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, usiguswe kwa ajili ya majaribio.

Kuisoma taa

Mchana taa hii haisemi mengi. Paneli ikiwa inachaji, volti hupanda hadi 13 au 14 hata kama betri bado haijajaa. Usomaji wa kweli ni wa usiku. Taa ikimemeteka mara moja inveta inapowashwa, hiyo ni betri kuyumba chini ya mzigo wa ghafla, na hakuna la kufanya. Ikibaki imewaka, hapo pana jambo.

Kitufe nacho kina kazi yake. Kikibonyezwa, besi hukosa umeme na taa huwaka hata betri ikiwa imejaa. Kwa njia hiyo hujulikana kuwa fyuzi, waya na LED vyote ni vizima. Hakiipimi zena, ambayo hurudiwa kwa betri kavu mara moja kwa mwaka. Bila kitufe, taa iliyozimika ingekuwa na maana mbili, kwamba betri ni nzima au kwamba taa imekufa, na hakuna ambaye angezitofautisha. Kubonyeza mara moja kila Jumatatu asubuhi kunatosha.

Pembeni ya taa hubandikwa karatasi yenye maneno machache: taa ikiwaka, zima feni, televisheni na chaji za simu; acha taa ya chumba cha kujifungulia. Chini yake huning'inizwa daftari, ambamo mhudumu huandika tarehe na saa taa ilipowaka. Ikiwa imewaka siku ya mawingu, sababu inajulikana. Ikiwa inawaka siku za jua, paneli hukaguliwa kwanza kama ina vumbi au kivuli cha mti uliokua. Paneli ikiwa safi, na daftari likionyesha kwamba mwezi uliopita taa iliwaka saa tisa usiku na mwezi huu inawaka saa nne, betri yenyewe imechoka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na maombi ya vituo huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Kurasa za daftari hilo zikifikishwa kwenye kamati ya usimamizi ya kituo kwa wakati, ombi la betri mpya huwa na ushahidi wa tarehe na saa, na huingia kwenye bajeti betri ya zamani ikiwa bado inawasha taa.